Kamera Iliyotembea kwa Hatua za Habuba

Sauda na Poni, nyinyi mnaobaki na studio, mmeniomba niandike jinsi mambo yalivyokuwa, kana kwamba mambo hayo yamekaa mahali yakinisubiri nikayachukue. Nimejaribu mara kadhaa, nikajikuta naeleza nani alipewa cheo gani pale studio, nikachana karatasi. Studio yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, mshika kamera na mshika taa, na siku nyingi vyote viwili vilikuwa vyangu. Hapo hamna la kujifunza.

Nitaanza na kile chuma kinachosimama nyuma ya mlango. Wateja huuliza kama ni cha kufanyia mazoezi ya mikono. Mama mmoja aliwahi kuniuliza natwanga nini humu ndani, maana aliona bomba refu lenye kitu kizito chini akadhani ni mchi. Jina likabaki hilo. Nyinyi mna gimbali zenu za betri, mishikio ya kamera inayojinyoosha yenyewe, na siwaonei wivu, mgongo wangu ungezipenda sana enzi zile. Lakini mchi huo nimewaachia nyinyi, na sitaki uishie kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla hamjajua umetoka wapi na umewahi kufanya nini.

Kazi hii niliipata kwa sababu ya mlango. Mzee Rajabu, mwenye studio, alikuwa amepiga picha Arua kwa miaka mingi, mtoto wa askari kama wengi wetu Wanubi wa mjini. Aliponunua kamera ya video ya kwanza, ile ya kanda, alikuta nusu ya harusi haiingii humo. Mnajua wenyewe kwamba kwetu wanawake wana upande wao: ngoma yao, nyimbo zao, bibi harusi anapakwa manukato, vichwa viko wazi, na mwanamume mwenye kamera akichungulia tu anafukuzwa na mwiko wa jikoni. Wateja wakawa wanalalamika kwamba wamepewa video ya wanaume wakila. Mimi wakati huo niliajiriwa kukata picha na kuzibandika kwenye albamu. Siku moja Mzee alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Zainabu, mutoto ya Khamis," alisema. "Wewe naweza kuingia kule ndani kwa wanawake?"

"Naweza, Mzee."

"Basi kamata hii. Hapana angusha."

Mafunzo yangu yaliishia hapo. Namshukuru mpaka leo na nitamshukuru kaburini, kwa sababu angetaka mtu anayejua, nami ningekuwa bado nabandika albamu.

Harusi yangu ya kwanza ilikuwa Koboko, nyumbani kwa Habuba Medina. Mtoto wake wa kiume alikuwa anaoa. Tunasema habuba kwa maana ya bibi, na huyu alikuwa bibi wa mtaa mzima: mfupi, mkali, akikohoa tu watoto wanaokota makopo waliyotupa uani. Nilirekodi kila kitu kilichosogea. Tatizo ni kwamba ngoma yetu ikilia mimi siwezi kutulia, na siku ile nilicheza na kamera mkononi tangu mwanzo hadi mwisho. Nilidhani nimefanya kazi nzuri ajabu.

Nilipopeleka kanda, ukoo mzima ulikuwa umekaa sebuleni. Kitambaa cha kufumwa kiliondolewa juu ya televisheni, watoto wakanyamazishwa, picha ikaanza. Wimbo wa kwanza haujaisha, Habuba Medina alikuwa amekamata kiti kwa mikono miwili.

"Zima," alisema. "Hii picha iko na homa. Iko natetemeka. Peleka yeye hospitali."

Watu walicheka mpaka wakalia, na kabla sijafika Arua jina lilikuwa limenitangulia. Kwa miaka mingi sikuitwa Zainabu. Niliitwa Mama Homa, na wengine walidhani mimi ni muuguzi. Lakini yule bibi hakuwa anatania. Alikuwa na kizunguzungu cha siku nyingi, na picha inayoyumba ilimtapisha kweli, nilimwona kwa macho yangu nyuma ya nyumba. Alipopata nafuu aliniita akanipa maji ya kunywa, mimi mwenye kosa.

"Macho yangu nataka kuona," aliniambia. "Kichwa ndio nakataa."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipa kazi ya maisha. Mzee Rajabu hakunigombeza. Alitazama kanda, akafumba macho kidogo, akasema nikatafute dawa ya hiyo homa.

Nilijaribu mengi. Stendi ya miguu mitatu haikai chumba cha wanawake. Ikisalimika kupigwa teke, mgeni ataitundikia mkoba wake. Nilijaribu kufunga kamera kwenye shuka shingoni, ikawa inapumua pamoja nami. Kisha nikajifunza ile ya kamba, ambayo nawashauri muijue hata leo kwa siku ambayo betri za gimbali zitawasaliti. Unaingiza bolti kwenye tundu lililo chini ya kamera, unafunga kamba, unakanyaga mwisho wake, kisha unavuta kamera juu mpaka kamba ikaze kabisa. Mkono unaovuta hauna nafasi ya kutetemeka. Ukisimama mahali pamoja, picha inatulia vizuri. Ukitaka kutembea utaanguka, nami nilianguka, mbele ya shangazi wa bwana harusi.

Ndipo nilipokwenda kwa Kenyi. Kenyi alikuwa Mkakwa wa Koboko, Mkristo, baba yake aliendesha malori ya jeshi. Alikuwa na karakana Arua, anatengeneza baiskeli na kuchomelea chochote kilichovunjika. Nilimweleza kwamba nataka chuma cha kushika kamera ili mkono wangu usiiguse. Aliniangalia kama mtu anayeumwa kweli.

"Dada Zainabu, wewe nataka kukamata kamera, lakini mukono hapana gusa?"

"Ndiyo."

"Basi mukono nafanya kazi gani?"

Hata hivyo alilifikiria. Alichukua kipande cha bomba la maji kifupi kidogo kuliko mkono wa mtu, juu akachomelea bati nene lenye tundu la bolti ya kamera. Karibu na juu, pale chuma na kamera vinapopatana uzito, akaweka mpini, lakini si mpini wa kuchomelea. Aliufunga kwa beringi za usukani wa baiskeli kuukuu na viungo viwili, ili mpini uende upande huu na bomba libaki limesimama. Chini alihitaji uzito. Mke wake Candiru, aliyekuwa akiuza simsim soko la Inde, alimletea jiwe la mizani la zamani, la chuma, kutoka kwa mfanyabiashara aliyehamia mizani zenye uso kama wa saa. Ndilo hilo mnaloliona, bado lina alama ya patasi ya wakaguzi wa mizani.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuamini uzito. Picha ikiyumba, tunaongeza chuma chini. Ikiyumba zaidi, tunaongeza tena. Mwisho mchi ukawa unaning'inia kama kengele: nikisimama, wenyewe unaendelea kwenda na kurudi. Kenyi ndiye aliyeng'amua.

"Hapana weka mingi," alisema. "Mingi ndio nafanya yeye nacheza."

Akapunguza. Tangu hapo kipimo chetu ni hiki, na kinafaa kwa chombo chochote mtakachojitengenezea. Laza mchi ulale sambamba na ardhi, kisha liachie bomba huku umeshika mpini. Ukisimama upesi, chini ni kuzito mno, ondoa. Usiposimama kabisa, ongeza. Unataka uinuke taratibu, kama mzee anayenyanyuka kwenye mkeka, na ukifika juu ukae hapo. Kila ukibadilisha betri au lenzi, pima upya, hata kama bibi harusi ameshafika mlangoni. Hasa akiwa ameshafika mlangoni.

Mchi ulipokamilika nilifanya majaribio barabarani mbele ya karakana, tukatazama picha. Haikuyumba kwenda kando, lakini ilikuwa inaruka juu na chini. Nilikasirika, nikadai beringi ni mbovu. Candiru alikuwa amepita na beseni la simsim kichwani, akasimama kutucheka. Hakuwa ameshika beseni.

"Chuma iko muzuri," alisema. "Miguu yako ndio iko mubaya. Wewe natembea kama askari."

Na kweli, sisi wajukuu wa askari tunakanyaga kwa kisigino kama tunahesabiwa. Candiru alinichukua mpaka kwao Pajulu, akanitwika ndoo ya maji, akanituma kwenye njia ya mihogo. Nilirudi nimelowa mpaka kiunoni. Alinifundisha kulegeza magoti na kuyaacha hivyo, kuweka mguu mbele ya mguu kwenye mstari mmoja, na kuukunjua unyayo chini kidogo kidogo badala ya kuupiga. Kifua hakipandi, macho yanatangulia mbali. Ilinichukua msimu mzima wa mvua kufika nyumbani na ndoo iliyojaa. Watu wa Pajulu walinizoea, wakawa wananisalimia kwa kuuliza hali ya maji. Kila harusi niliyoitwa baadaye nilikuwa nakula matunda ya njia ile ya mihogo, na Candiru hakuwahi kunidai hata asante.

Nikawa hodari, niseme tu. Nilipita na mchi katikati ya wanawake wanaocheza, nikazunguka ngoma, nikaingia jikoni na kutoka, na picha ikateleza. Watu wa Onduparaka waliniita kurekodi mpira wao, kule ambako mpira ni dini ya tatu, nikakimbia pembeni mwa uwanja huku mashabiki wananishangilia mimi kuliko wachezaji. Huko nilijifunza kwamba upepo ni adui wa mchi, hasa kamera ikiwa na kile kioo cha pembeni cha kutazamia picha kimefunguliwa. Upepo ukivuma, geuza mgongo uukinge, na vidole viwili vya mkono wa kushoto viguse shingo ya bomba, si kushika, kugusa. Vidole hivyo viwili ndivyo usukani wako. Bila hivyo kamera inatazama inakotaka.

Sasa nifike kwa lile jambo ambalo Poni huniuliza kila mara, nami humjibu kwamba nitaeleza siku nyingine.

Habuba Medina alikuwa na mjukuu, Mariamu. Mama yake alifariki akimnyonyesha, Habuba akamlea Koboko tangu hapo. Mariamu alipopata kazi Arua alikaa kwa shangazi yake Halima, na uchumba ulipokuja, ikakubaliwa kwamba harusi itatoka kwa Halima. Katika ukoo wao kuna jambo wanaloliita kumtoa. Bibi wa bibi harusi hutangulia, naye bibi harusi hufuata nyuma ameshika pindo la shuka la bibi yake. Wanatoka chumbani, wanapita katikati ya wanawake, mpaka kwenye gari. Bibi hageuki nyuma njiani hata akiitwa. Akifika garini ndipo anageuka, analichukua pindo kutoka vidole vya mjukuu, na hapo msichana ametoka. Kabla pindo halijaachwa, yeye bado ni wa nyumbani.

Siku chache kabla ya harusi Habuba alianguka akavunjika nyonga. Barabara ya Koboko kuja Arua asingeiweza, na gari lilikuwa linamtapisha hata akiwa mzima. Halima alisema atamtoa yeye, shangazi ni kama bibi. Mariamu alikataa. Alisema kama Habuba hamtoi, yeye hatoki, na alikuwa na shingo ngumu ileile ya aliyemlea. Upande wa bwana harusi wakaanza kuulizana kuna nini. Kuahirisha kulikuwa aibu, na hakuna aliyejua kama Habuba angekuwepo hiyo tarehe nyingine.

Nikaitwa Koboko. Nilimkuta kitandani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, macho yaleyale.

"Mama Homa," alisema. "Homa yako napona?"

"Imepona, Habuba. Nina dawa yake siku hizi."

"Muzuri. Mimi hapana weza kwenda. Wewe peleka macho yangu."

Alinieleza anachotaka. Hakutaka video ya harusi, hiyo angeona baadaye. Alitaka kamera iwe yeye. Itoke chumbani mahali pake, kwa urefu wa macho yake, kwa mwendo wake, ione ambacho yeye angekiona, isigeuke nyuma mpaka garini. Mariamu ashike pindo nyuma yangu. Kisha aletewe, atazame bila kukatwa, na akimaliza atakuwa amemtoa. Mariamu alikuwa ameshakubali kwa simu. Simu za kuonyeshana sura zilikuwa bado ni za watu wachache, na mtandao wa Koboko wakati huo ulikuwa unakuja kama mgeni.

"Habuba, mwendo wako ukoje?" nilimwuliza. Nilikuwa nimemjua miaka mingi, lakini sikuwahi kuuangalia.

Asingeweza kunionyesha kwa miguu. Aliweka kiganja juu ya godoro akapiga, polepole, kila pigo hatua. Niliketi pale nikitembeza vidole gotini mpaka nikaushika. Wakati wa kuondoka alivuta shuka lake la harusi chini ya mto akanikabidhi. Lilinukia udi.

Halima hakupendezwa. Alikuwa mama mwenye nyumba, wageni wake, jina lake.

"Bibi harusi iko nyuma yako?" alisema. "Wewe nachukua watu wote, yeye hapana? Hiyo ni video ya nini?"

"Sura yake nitaipata garini, nikigeuka."

"Na kama nakosa?"

Alisema kweli. Kamera ilikuwa moja. Kumtoa hakurudiwi, pindo likishaachwa, limeachwa. Nikikosea mgeuko ule, Mariamu asingekuwa na sura kwenye safari yake mwenyewe, na Habuba angefika garini bila kumwona mtoto wake. Picha ikitetemeka kama ya kwanza, kichwa chake kingekataa, angezima katikati, na mjukuu angekuwa ameolewa bila kutolewa. Usingizi ulinipaa.

Nilikwenda kwa Kenyi na Candiru. Kenyi alilainisha beringi, nikajifunza kuushika mchi chini zaidi mpaka lenzi ikawa kwenye kifua changu, ndio urefu wa macho ya Habuba. Candiru alishika pindo la kitenge changu tukatembea njia ya Pajulu kwenda na kurudi, yeye akinivuta kwa makusudi ili nizoee. Mgeuko tuliurudia kuliko kingine chochote. Siri yake ni kuanza kugeuka kabla hujasimama: kiuno kinatangulia, miguu inafuata, kamera ya mwisho, vidole vikiisindikiza. Ukisimama kwanza ndipo ugeuke, mchi utajipiga kando na picha itayumba. Njia nzima ilijaa watazamaji. Tulidhani tumefikiria kila kitu.

Siku ikafika. Nilivaa shuka la Habuba kiunoni, pindo nyuma. Chumbani Mariamu alilishika, kitambaa kikakaza kiunoni mwangu. Nikapima mchi mara ya mwisho. Mlango ukafunguliwa.

Mtego wa kwanza ulikuwa ngoma. Wanawake walipiga haraka, kwa furaha, na miguu yangu ya askari ilitaka kuifuata. Nikakaza kichwani kile kiganja juu ya godoro. Pigo, hatua. Ngoma ikaenda zake, mimi nikaenda zangu. Wanawake walikuwa wameambiwa, na sitasahau walichofanya. Walipoiona kamera inakuja hawakuitazama kama kamera. Waliinama. Wazee waliinyooshea mikono wakasema, "Salaam alekum, Habuba," wakapisha. Mpishi mmoja alitoka jikoni na chakula kimefunikwa kawa ya rangi, akafunua ili Habuba aone kilichopikwa. Nilitaka kulia, lakini kifua hakipandi, nilishafundishwa. Mariamu alivuta pindo mara moja pale kizingitini, nikalegeza goti, picha ikapita.

Nikaliona gari. Kiuno, miguu, vidole. Kamera ikazunguka polepole mno, ikapita ukuta, ikapita kilemba cha Halima, ikamfikia Mariamu, ikatulia. Alikuwa analia, ameinua pindo mbele yake kwa mikono miwili, ananingoja.

Na hapo ndipo nilipojua kosa letu. Siku zote zile kule Pajulu, kwenda na kurudi, Candiru alikuwa akiliachia pindo mwenyewe tukifika mwisho na kwenda kunywa maji. Hakuna aliyeuliza nani atalichukua. Mkono wa kulia umeshika mpini, wa kushoto una vidole shingoni mwa mchi. Habuba hakuwepo. Halima angeweza kusogea, lakini angekuwa amemtoa yeye, na Mariamu asingemwachia. Alikuwa ananitazama mimi, au tuseme anaitazama lenzi.

Nikautoa mkono wa kushoto kwenye mchi. Nikaupeleka mbele, ukaingia ndani ya picha, nikalichukua pindo kwenye vidole vyake. Mchi bila usukani, na mimi nikilia, ulitikisika. Kwa muda wote wa kulichukua pindo picha ilikuwa na homa. Kisha Mariamu akaingia garini, mlango ukafungwa, wanawake wakapiga vigelegele.

Siku iliyofuata tulikwenda Koboko, Halima na mimi. Njiani nilimweleza kwamba naweza kukata mwishoni kabla ya mtikisiko, picha iishie kwenye sura. Yeye mwenyewe alikuwa ameitazama sura hiyo mara nyingi na hakuwa tena na neno la ukali. Alinishika tu mkono. Televisheni ilisogezwa karibu na kitanda. Habuba aliegemezwa mito. Nilimwomba radhi mapema.

"Habuba, mwisho kuna mahali panatetemeka. Ukitaka nitapatoa kwanza."

"Weka," alisema.

Alitazama. Mlango ulipofunguka, kiganja chake kilianza kupiga godoro, na kilikwenda sawasawa na picha, hatua kwa hatua. Wazee walipomsalimia aliwajibu, mmoja mmoja, kwa majina. Mpishi alipofunua kawa alisema chumvi haitoshi, sijui aliijuaje. Hakushika kitanda. Kichwa hakikukataa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya televisheni namwangalia yeye, kwa sababu picha nilikuwa naijua.

Kamera ikageuka, na Mariamu akatokea. Habuba aliacha kupiga godoro. Mkono wangu ukaingia kwenye picha, ukitetemeka, picha yote ikitetemeka nao, nami nikanyoosha kidole kutaka kuzima.

"Wacha," alisema. "Hapana kata hapa. Hii iko mukono yangu."

Alikuwa ameunyanyua wake kutoka godoroni, mbele ya kioo, na ulikuwa unatetemeka vilevile. Vidole vilijikunja, kama vinachukua kitu. Mlango wa gari ulipofungwa akaurudisha kifuani.

"Basi," alisema. "Mutoto nakwenda."

Nilimrudishia shuka lake. Aliishi miezi kadhaa baada ya hapo, na Halima aliniambia aliwaonyesha video hiyo wageni wote, akiwaeleza jinsi alivyotembea siku ile na nyonga iliyovunjika. Hakuna aliyembishia. Mariamu ana nakala, na moja iko studio kwenye kabati la juu.

Sababu ya kustaafu kwangu mnaijua. Mikono yangu imeanza kutetemeka, daktari anasema ni umri, na hata mchi mzuri kuliko wote hauwezi kutibu hiyo. Sina uchungu. Mzee Rajabu alinipa mlango, Kenyi alinipa chuma, Candiru alinipa miguu, na nyinyi wawili mmenipa miaka ya mwisho yenye kicheko. Lainisheni beringi. Pimeni kabla ya kila harusi. Asubuhi nikinyanyua kikombe na sahani yake ikaanza kulia, nautazama mkono huu, nauambia kwamba wewe uliwahi kuwa wa Habuba. Kisha nakunywa chai yangu.